Kusema Tumefundishwa, Lakini Kusema na Nani?

Wasomaji wangu mmezoea kunikuta hapa nikilalamikia programu, simu na waya za intaneti. Leo naomba radhi, nataka kuwazungumzia watu wa maabara. Msiondoke lakini, maana nitawatazama kwa macho yaleyale ya mtu anayeandika programu.

Nchini Marekani kuna watafiti ambao kwa lugha ya kiofisi huwekwa katika fungu la wachache wasiowakilishwa vya kutosha. Ni Wamarekani weusi, watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wenyeji wa asili wa nchi ile pamoja na Alaska, na watu wa visiwa vya Pasifiki. Maana ya jina hilo ni rahisi: mtaani wapo wengi, ukiingia maabara huwaoni. Kituo cha utafiti cha Pew kilitoa hesabu mwaka 2021. Watu weusi walikuwa asilimia 11 ya wafanyakazi wote wa Marekani, lakini asilimia 9 ya walio katika kazi za sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Wenye asili ya Kilatini walikuwa asilimia 17 ya wafanyakazi wote na asilimia 8 tu katika kazi hizo.

Kwa miaka mingi sasa imekuwepo mipango ya kuwafundisha vijana wa makundi haya, wale walio mwanzoni mwa kazi ya utafiti, namna ya kuieleza sayansi yao kwa mtu asiye mwanasayansi. Wanajifunza kuandika makala ya gazeti, kuzungumza redioni, kusimama mbele ya wazazi shuleni, kumjibu mwanasiasa mwenye haraka.

Mimi nayaunga mkono mafunzo haya kwa mikono miwili. Ila yapo ya namna mbili, na namna moja humwondolea mtafiti kitu cha thamani kuliko vyote alivyokuja navyo. Hilo ndilo nataka tulijadili.

SAA 2 NI SAA NGAPI?

Nianze na mfano wa kwetu. Tuseme kampuni ya ng'ambo imeunda programu ya simu ya kumkumbusha mgonjwa kumeza dawa, sasa inataka kuileta kwa Waswahili. Inamlipa mtafsiri mzuri. Kila neno kwenye menyu linageuzwa, hakuna kosa hata moja la sarufi. Simu inalia: "Meza dawa saa 2."

Kwa aliyeiunda, 2 ni mchana, jua limeshaanza kuinama. Kwa bibi aliyeko Lamu, saa 2 ni asubuhi baada ya chai, au usiku baada ya isha. Kidonge kimekosea njia kwa saa sita nzima, na hakuna neno lililotafsiriwa vibaya!

Kasoro kama hiyo mhariri wa lugha anaweza kuipita mara kumi bila kuiona. Ataiona upesi mtu aliyelelewa katika nyumba ambamo saa huanza kuhesabiwa jua likichomoza. Yeye hahitaji kufanya utafiti wa watumiaji. Anajua tu, kama anavyojua mlango wa kwao unavyofunguka.

Mtafiti anayetoka katika jamii iliyoachwa nyuma ndiye mtu huyo. Sasa tuone mafunzo yanamfanyia nini.

MAFUNZO YA KUNYOOSHA

Namna ya kwanza nitaiita mafunzo ya kunyoosha. Mtafiti anafundishwa kuacha maneno magumu, kutanguliza jambo kuu, kutoa mfano, kufupisha. Ujuzi huu ni mzuri na kila mtafiti anauhitaji. Mwigizaji Alan Alda alisaidia kuanzisha kituo cha kazi hii katika Chuo Kikuu cha Stony Brook mwaka 2009, ambako wanasayansi hufanyishwa michezo ya kuigiza ya papo kwa papo ili wajifunze kumtazama msikilizaji usoni. Tangu 2013 wanafunzi wa uzamifu wenyewe wamekuwa na warsha zao za ComSciCon. Sina ugomvi na yeyote kati yao.

Ugomvi wangu ni na yule msikilizaji wa kufikirika anayekaa kimyakimya nyuma ya masomo ya namna hii. Mara nyingi huitwa "umma". Ukimchunguza huyo umma, utakuta anasoma magazeti makubwa, anazungumza Kiingereza tu, anaiamini hospitali, na hajawahi kufanyiwa ubaya wowote na mtu aliyevaa koti jeupe. Kijana Mnavajo au Mpuerto Rico akipimwa kwa kipimo hicho, atajifunza haraka kwamba mifano ya nyumbani haifai, lafudhi inampunguzia alama, na lugha ya mama yake ni ya kuongelea jikoni. Atahitimu akiwa msemaji hodari wa kuzungumza na watu ambao tayari wana wasemaji tele.

Sisi waandishi wa programu tunalijua kosa hili. Ni lile la kujaribu programu kwenye simu ya bei ghali ofisini, penye intaneti ya kasi, halafu kutangaza kwamba inafanya kazi.

MAFUNZO YA KURUDI NYUMBANI

Namna ya pili huanza na swali tofauti: nyumbani kwenu wanataka kujua nini, na wewe unajua nini kuwahusu ambacho maabara haikijui?

Mfano ninaoupenda ni wa Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani tangu 1898 na ambacho watu wake huzungumza Kihispania. Mwaka 2006 mwanasayansi wa neva Daniel Colón-Ramos alianzisha mtandao unaoitwa Ciencia Puerto Rico, kuwaunganisha wanasayansi wa kisiwa hicho popote walipo duniani. Waliandika sayansi kwa Kihispania katika gazeti la kisiwa. Mwaka 2011 wakatoa kitabu, ¡Ciencia Boricua!, chenye insha za wanasayansi wa Puerto Rico kuhusu sayansi iliyomo katika maisha ya watu wao. Baadaye ukaja mpango wa Yale Ciencia Academy, uliowachukua wanafunzi wa uzamifu kutoka makundi niliyoyataja. Kuhudumia jamii walizotoka kwa sayansi kulikuwa sehemu ya mafunzo, wala si kazi ya Jumapili.

Wengine wamefuata njia hiyo. Mwaka 2018 zilianza warsha za ReclaimingSTEM huko California, zilizoundwa na watafiti wa makundi haya kwa ajili ya wenzao. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Rhode Island kiliandaa kongamano la kwanza la mawasiliano ya sayansi yasiyomwacha mtu nje.

Najua kuna atakayesema sayansi haina kabila, maji huchemka kwa nyuzi 100 kwa kila mtu. Rafiki yangu, weka sufuria jikoni hapa Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari. Yatachemka kwenye nyuzi 94 na ushei. Sheria ni ileile Mombasa na Nairobi, lakini mahali uliposimama panabadilisha jibu.

HABARI HUTEMBEA KWA NJIA MBILI

Watu wengi hudhani kueleza sayansi ni kumimina elimu kutoka kwenye debe lililojaa kwenda kwenye debe tupu. Tazama yaliyotokea mwaka 1993 katika nchi ya Wanavajo, kusini magharibi mwa Marekani. Vijana wenye afya nzuri walianza kufa kwa ugonjwa wa mapafu usiojulikana. Baadhi ya vyombo vya habari viliuita homa ya Wanavajo, na watu wa kabila hilo wakaanza kukwepwa kama ukoma. Ulikuwa mfano mbaya kabisa wa kuueleza umma jambo la kisayansi.

Maabara ziligundua katika muda wa wiki chache kwamba ni virusi vya hanta, na kwamba vinabebwa na panya wa porini. Lakini kwa nini mwaka ule? Wazee wa Kinavajo walikuwa na la kusema. Miaka ya mvua nyingi, walieleza, misonobari huzaa mbegu kwa wingi, panya huongezeka, na vifo hufuata. Waliwahi kuyaona hayo. Ndiyo maana mila zao zilikataza panya kuachwa waingie nyumbani au kugusa vyakula na nguo. Miongoni mwa waliokwenda kuwasikiliza wazee alikuwemo daktari aliyekuwa Mnavajo mwenyewe. Maelezo ya wazee yalikubaliana na yale ya wanaikolojia: mvua za El Niño zilinenepesha msitu, na msitu ukanenepesha panya.

Mtafiti wa aina hiyo huleta maabara swali ambalo wenzake hawakujua kuliuliza, kisha hupeleka nyumbani jibu kwa lugha isiyotukana mtu. Ukimnyoosha mpaka asahau alikotoka, umeikata njia hiyo pande zote mbili.

UAMINIFU HAUPAKULIWI MTANDAONI

Kuanzia 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600 huko Tuskegee, Alabama. Kati yao 399 walikuwa na kaswende. Hawakuambiwa ukweli kuhusu ugonjwa wao. Penisilini ilipokuwa tayari ni tiba inayojulikana, hawakupewa. Watafiti walitaka kuona ugonjwa unafika wapi.

Mtu ambaye babu yake alitoka maeneo hayo akisitasita mbele ya sindano, humwiti mjinga. Ana kumbukumbu.

Mwaka 2020 chanjo ya Moderna ya UVIKO-19 ilipokuwa inatengenezwa, mmoja wa wanasayansi waliokuwa mbele kabisa alikuwa Kizzmekia Corbett, mwanamke mweusi kutoka North Carolina, akifanya kazi NIH, yaani taasisi za taifa za afya za Marekani. Alikuwa amepitia mpango wa Meyerhoff katika Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore County, ulioanzishwa 1988 kuwalea wanasayansi weusi. Chanjo ilipotoka, Corbett alitumia muda mwingi kuzungumza na makanisa na vikundi vya watu weusi. Alipendelea kuwaita watu wenye maswali kuliko watu wanaositasita kuchanjwa. Hebu fikiria tofauti ya maneno hayo mawili kwa anayeitwa. Mwenye maswali unamjibu, anayesitasita unamfokea.

Hata hapa pwani yetu tunalijua jambo hili. Hadithi za mumiani, za watu wanaonyonya damu ya wenzao kwa kisingizio cha dawa, ni za tangu enzi za ukoloni. Mtafiti anayekuja kuchukua damu kijijini bila kuzijua atashangaa kwa nini watu wanamkwepa. Aliyezisikia kwa nyanya yake atajua aanzie wapi.

MASIKIO NAYO YAFUNDISHWE

Hapa nawageukia wenye mipango. Kuna hatari ya kudhani kwamba shida yote iko mdomoni mwa mtafiti, eti akijifunza kusema vizuri mambo yatamnyookea. Ushahidi unasema vingine.

Mwaka 2011 utafiti uliotoka katika jarida la Science ulionyesha kwamba watafiti weusi walioomba fedha NIH walikuwa nyuma ya wazungu kwa pointi 10 za asilimia katika kupata, hata baada ya kuzingatia elimu na machapisho yao. Mwaka 2019 utafiti mwingine ulionyesha kwamba sehemu ya pengo hilo, zaidi ya asilimia 20, ilitokana na mada walizochagua. Walipenda zaidi kuchunguza afya ya jamii na tofauti za kiafya kati ya watu, na mada hizo hazipewi fedha kwa wingi kama zile za chembe na molekuli. Mwaka 2020 wachunguzi waliopitia tasnifu za uzamifu za Marekani za kuanzia 1977 hadi 2015, kama milioni 1.2, wakakuta kwamba watu wa makundi madogo huleta mawazo mapya kwa kiwango kikubwa zaidi, ila mawazo yao hayachukuliwi na wengine kwa kiwango hichohicho.

Kwa hiyo spika inafanya kazi, tatizo liko upande wa anayepokea. Katika kazi yangu, seva ikikataa ujumbe ulioandikwa sawasawa, hatumwambii mtumaji auandike kwa adabu zaidi. Tunaifungua seva.

Halafu kuna jambo la mzigo. Mwaka 1994 mwanasaikolojia Amado Padilla aliandika kuhusu kile alichokiita kodi ya utamaduni: mtaalamu wa kundi dogo anawekwa katika kila kamati, anaalikwa kila shule, anaombwa awe sura ya chuo kwenye kila bango, na siku ya kupandishwa cheo hakuna hata kimoja kinachohesabiwa. Ukimfundisha kijana wa namna hiyo kusema na umma, halafu ukamwachia kazi hiyo aifanye usiku bila malipo huku mwenzake akiandika machapisho, umemwongezea kodi. Mafunzo bila muda, malipo na alama katika tathmini ya kazi ni zawadi yenye ankara ndani yake.

MWAKA 2025

Nayaandika haya kwa sababu mipango hii imetikiswa vibaya. Aprili 2025, NSF, wakfu wa taifa wa sayansi wa Marekani, ulitangaza kwamba hautaendelea kugharimia kazi zisizoendana na vipaumbele vyake, ukitaja waziwazi za uanuwai na usawa, pamoja na za kuchunguza habari potofu. NIH nayo mwaka huo ilifunga mipango kadhaa ya mafunzo, ukiwemo MARC uliokuwa ukilea wanafunzi wa makundi haya tangu miaka ya 1970. Watu walikwenda mahakamani, na Agosti 2025 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikairuhusu NIH iendelee kusitisha fedha hizo wakati kesi zikiendelea.

Wanaotetea hatua hizo husema fedha za umma zisigawanywe kwa kutazama asili ya mtu. Hoja hiyo naielewa. Lakini anayeijenga amelitazama fungu la fedha kama sadaka kwa mtafiti, na hapo ndipo tunapotofautiana. Anayefaidi zaidi ni bibi wa kijijini anayepata jibu kwa lugha yake, na ni wenye maabara wanaopata swali jipya. Ukifunga mpango kama huo, shimo halionekani siku ya kwanza. Litaonekana siku ugonjwa mpya utakapobisha hodi, serikali itafute mtu wa kwenda kusema na watu, isimpate. Msemaji wa kuaminiwa hatengenezwi kwa wiki mbili.

NA SISI JE?

Tusicheke ya jirani. Katiba yetu ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Sasa nenda maktaba ya chuo chochote kikuu hapa nchini uombe tasnifu ya kemia au ya kompyuta kwa Kiswahili, halafu uje uniambie umepata ngapi. Mtafiti wa Turkana au Tana River anaandika kuhusu mifugo ya kwao kwa lugha ambayo mwenye mifugo hatawahi kuisoma.

Istilahi si kisingizio. Mwaka 2004 watu wa mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Maneno yalikuwa hayapo, wakakaa wakayatafuta. Mwaka 2021 kikundi cha Masakhane pamoja na AfricArXiv walitangaza mpango wa kutafsiri makala 180 za utafiti kwa lugha sita za Afrika: Kizulu, Kisotho cha Kaskazini, Kiyoruba, Kihausa, Kiganda na Kiamhari. Kiswahili hakikuwemo. Sijakasirika, nimewaonea wivu.

Pendekezo langu ni dogo na halihitaji mfadhili. Kila tasnifu ya sayansi inayopokelewa katika vyuo vyetu iwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza ni nini kilichunguzwa, nini kilipatikana, na mtu wa kawaida akifanyie nini. Mtafiti auandike mwenyewe, asimpe mashine. Kisha ausome kwa mtu wa kwao asiye na shahada, na maswali atakayoulizwa ayaandike mwishoni mwa ukurasa huo. Msimamizi autolee alama kama anavyotoa alama kwa jedwali na grafu.

Katika maswali hayo ya mwishoni ndimo tutakapoikuta ile saa 2 ambayo mtafsiri hakuiona.

Hayo ndiyo yangu. Kama wewe ni mtafiti, hebu jaribu kunielezea utafiti wako kwa Kiswahili katika sentensi tano hapo chini kwenye maoni. Nitauliza maswali, na naahidi sitajifanya nimeelewa kama sijaelewa.